Vueni kaptula la kuazima!

NIKIWA kidato cha tatu niliandika shairi lisilo na vina wala mizani. Mwalimu alilisoma mbele ya darasa kwa kejeli, akanipa sifuri, akasema ushairi una wenyewe. Nikarudi nyumbani Ndalambo nikiamini kwamba hata maneno yana matajiri wake.

Miaka miwili baadaye nilikuwa kijiweni Tunduma, malori yamepanga foleni mpakani. Utingo mmoja akanipa kitabu kilichong'oka jalada. Kilikuwa Kichomi cha Euphrase Kezilahabi. Nilisoma hadi giza likaingia. Kumbe nilidanganywa!

Vijana wenzangu, huyu mzee wengi mnamjua kwa ajili ya mtihani tu. Alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe, akafariki Januari 2020. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika ya mwaka 1971, ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda. Kosa lake? Kusema wazi yale ambayo watu wazima wanayatenda gizani.

Mwaka 1974 akatoa Kichomi, diwani ya mashairi huru. Mamwinyi wa ushairi wakaja juu! Sheria zilishaandikwa na Kaluta Amri Abedi tangu 1954. Nani huyu mtoto wa Ukerewe wa kuzivunja? Lakini walikosea mtu. Kezilahabi hakuwa mbumbumbu aliyeshindwa kuhesabu mizani. Alikuwa mhakiki, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1985 akapata udaktari Wisconsin, Marekani. Sheria alizijua vizuri, ila alikataa kuzipigia magoti.

Na wakati wenyewe ulikuwa upi? Ule wa chama kimoja, ule wa "Zidumu fikra za Mwenyekiti!" Mwenyekiti afikiri, ninyi mpige makofi. Wananchi wakaswagwa kwenda vijijini kwa nguvu. Kezilahabi akaandika Gamba la Nyoka, iliyotoka mwaka 1979, akaonyesha wanakijiji waliokataa kuhamishwa kama mifugo.

Kisha akaja na kiboko: mchezo wa Kaptula la Marx. Rais Kapera anavaa kaptula la Karl Marx, kubwa kuliko kiuno chake, halafu anaongoza safari ya kwenda nchi ya Usawa! Aliuandika miaka ya 1970, ukachapishwa 1999. Kicheko kilisubiri miaka ishirini kabla ya kuingia kitabuni. Mnaona vigogo wanavyoogopa kuchekwa?

Wapo wasemao mtu huyu alikuwa wa fujo, asiyetaka utawala wowote. Mimi sijasikia akijiita hivyo. Lakini jina si hoja. Kule Uingereza alikuwapo Herbert Read, mshairi na mhakiki wa sanaa, aliyejiita hadharani mpinga dola. Mwaka 1953 akapokea cheo cha Sir kutoka kwa dola hiyohiyo! Mpime mtu kwa anachokikataa, si kwa anachojiita.

Wengine watasema Kezilahabi alibomoa tu, hakutuonyesha njia. Ndiyo maana nampenda! Wanaotuonyesha njia tumewachoka. Kila mmoja anakuja na ramani yake, akiipata ofisi anafunga dirisha na vioo vya gari.

Sasa niseme la kwetu, na mhariri akilikata nitajua kaptula limefika hadi hapa. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992. Je, fikra za mwenyekiti zilikoma kudumu? Tazama ndani ya upinzani. Vijana tunapigia makofi sentensi ambayo haijaisha. Anayeuliza mapato na matumizi ya tawi anaitwa pandikizi. Tumebadili rangi ya kaptula tu, kiuno bado si chetu.

Nasema haya nikiwa upande wenu. Tukimwondoa bwana mmoja ili tumpigie magoti mwingine, mkulima wa mahindi wa Ndalambo atafaidi nini?

Basi nunueni Kichomi, azimeni Kaptula la Marx, msomeane vijiweni. Halafu kiongozi yeyote akipanda jukwaani, wa kwao au wa kwetu, mtazame kiunoni kwanza. Kama linampwaya, cheka! Cheka kwa sauti!

Mwandishi wa makala hii ni mwandishi wa kujitegemea, Ndalambo.