Vita vya msituni visimuliwe vyote kwa vijana wa Nyeri

KILA mwaka ifikapo Oktoba 20, Wakenya huadhimisha Siku ya Mashujaa, na katika miji iliyo chini ya Mlima Kenya jina linalotangulia mengine ni la Dedan Kimathi. Viongozi huhutubia, nyimbo huimbwa, kisha kila mtu hurejea kwake. Linalosalia ni swali ambalo halijapata jibu la kuridhisha: kijana wa Nyeri, Karatina au Nanyuki anajifunza nini kuhusu amani kutokana na vita vilivyopiganwa katika shamba la babu yake?

Nyeri haina uhaba wa kumbukumbu. Nje kidogo ya mji kuna kanisa la ukumbusho la Waitaliano, lililohifadhi mabaki ya mamia ya wanajeshi waliofariki wakiwa mateka nchini Kenya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Miongoni mwao ni Amedeo wa Aosta, aliyetawala Afrika Mashariki ya Kiitaliano hadi aliposalimu amri Amba Alagi, Ethiopia, Mei 1941, akafariki jijini Nairobi mwezi Machi 1942. Mjini kwenyewe amezikwa Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki Januari 1941 na ambaye kaburi lake huzuriwa na maskauti kutoka kila pembe ya dunia.

Hivyo basi, adui aliyeshindwa na jenerali wa Kiingereza wote wana makaburi yenye majina. Kimathi, aliyezaliwa Nyeri, akakamatwa Nyeri Oktoba 21, 1956 na kuhukumiwa papo hapo Nyeri, hana. Alinyongwa katika gereza la Kamiti Februari 18, 1957 na kuzikwa mahali pasipo alama. Mjane wake, Mukami, alifariki Mei 2023 kabla ya kukabidhiwa mabaki hayo aliyoyadai kwa miaka mingi.

Pengo hilo la kaburi huzungumzwa mara kwa mara, na ni haki lizungumzwe. Lakini lipo pengo jingine ambalo wengi hulikwepa. Vita vya Mau Mau husimuliwa kana kwamba vilikuwa kati ya Mwafrika na mzungu pekee. Hesabu za wakati huo zinaeleza jambo tofauti. Walowezi wa kizungu waliouawa walikuwa 32. Raia Waafrika waliouawa na wapiganaji, kwa takwimu za serikali ya kikoloni, walizidi 1,800, na wapiganaji waliouawa walizidi 11,000, idadi ambayo wanahistoria wengi huiona kuwa ndogo mno. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa. Aliyempiga Kimathi risasi na kumjeruhi alikuwa askari Mkikuyu, na wazee walioketi pamoja na jaji kama washauri wa mahakama walikuwa Waafrika.

Katika boma moja, ndugu mmoja aliingia msituni na mwingine akawa ngati, yaani mlinzi wa nyumbani aliyeshika silaha kwa upande wa serikali. Wajukuu wa hao wawili husoma shule moja leo, na wengi wao hawajui.

Kimya hicho hakikutokana na aibu tu. Kinahusu ardhi. Wakati maelfu ya wanaume walikuwa kizuizini na familia zao zimesongamanishwa katika vijiji vya lazima, serikali ya kikoloni iliharakisha kuunganisha mashamba na kuyapima upya. Waliokuwa upande wake waliketi kwenye kamati. Waliofungwa walirudi wakakuta mipaka imehama. Baada ya uhuru, Mzee Jomo Kenyatta aliwahimiza wananchi wasahau yaliyopita, na marufuku dhidi ya Mau Mau iliyowekwa mwaka 1950 haikuondolewa hadi 2003. Kusahau kulimfaa aliyekuwa na hatimiliki.

Simulizi iliyokatwa nusu haikai bure, hutafuta mwenyewe. Kundi la Mungiki lilitwaa kiapo, misokoto ya nywele na lugha ya ukombozi, likajitangaza mrithi wa wapiganaji wa msituni mbele ya vijana wasio na shamba wala kazi. Usiku wa kuamkia Aprili 21, 2009, katika kijiji cha Gathaithi karibu na Karatina, watu 29 waliuawa katika uhasama kati ya kundi hilo na wanakijiji waliojipanga kulikabili. Kiapo upande mmoja, walinzi wa kijiji upande wa pili, mapanga usiku: mzee yeyote wa Mathira aliyeishi miaka ya 1950 aliitambua picha hiyo. Vijana walioshika mapanga hawakuwahi kufundishwa kuitambua.

Mtu anayefaa zaidi somo hili hatajwi sana. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, alizaliwa Nyeri, akapigana Burma katika jeshi la Mwingereza, kisha akaongoza wapiganaji wa Mlima Kenya. Alipokamatwa Januari 1954 akiwa na jeraha na kuhukumiwa kifo, alikubali kuwaandikia wenzake barua ili wazungumze na serikali. Wapo waliomwita msaliti kwa hilo. Mazungumzo yalivunjika Aprili mwaka huo, naye akapelekwa kizuizini. Baada ya uhuru alikuwa naibu mkurugenzi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa. Je, alikuwa shujaa alipopigana, alipoandika barua, au alipowafunza vijana kujenga barabara? Hapo ndipo mjadala wa darasani ungeanza.

Wizara ya Elimu ilianzisha elimu ya amani mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, na kuitungia sera mwaka 2014. Uingereza nayo ilieleza masikitiko yake Juni 2013 na kukubali kuwalipa wazee 5,228 pauni milioni 19.9. Kati ya jirani na jirani hakuna aliyeitwa kusema lolote.

Jumba la makumbusho la Nyeri lilikuwa mahakama ya Waafrika enzi za ukoloni. Lingeweza kuwaalika wazee wa pande zote mbili, aliyekuwa msituni na aliyekuwa ngati, wazungumze mbele ya wanafunzi na sauti zao zihifadhiwe. Aliyekuwa na umri wa miaka 15 hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952 sasa anakaribia miaka 90.