Daftari la Wiki: Jiko Lisilo na Jirani

Moa si mahali pa meli kubwa. Ghuba yake ni ya ngalawa, mitumbwi na mashua, mikoko imesimama ukingoni, na riziki ya watu wake ni samaki, mwani na nazi. Lakini njia ya bahari itokayo Mombasa kwenda Unguja na Dar es Salaam iko mbele ya pwani hii ya Mkinga, na msimu wa kaskazi meli za kitalii huishika njia hiyo zikiwa na watu wa kujaza kijiji kizima. Norwegian Dawn, mojawapo ya zilizokwisha kutia nanga Mombasa, ina nafasi ya abiria zaidi ya 2,000. Wiki hii daftari limejaa habari za meli hizo. Mabwawa yake ya kuogelea na kumbi zake za michezo nimeyaacha kando. Kilichonishika ni meza zake za chakula, kwa sababu juu ya meza hizo kuna swali ambalo kila mtu wa pwani aliyewahi kupanda chombo ana haki ya kulijibu: mtu akishalipa nauli, chakula ni cha nani?

Mpangilio wenyewe ni huu. Ndani ya nauli ya meli ya kitalii mna kitanda, mna ukumbi mkuu wa chakula, na mna bafe ambako kila mtu hujipakulia. Kando ya hivyo ipo migahawa ya malipo ya ziada. Baadhi yake ni ya fahari, na hiyo sina ugomvi nayo: anayetaka kula kifalme agharamie ufalme wake. Inayonishughulisha ni ile ya kawaida, ambayo mtu huingia na kaptula na ndala akaagiza hambaga, chipsi, piza, sahani ya tambi. Meli ya Voyager of the Seas, iliyoanza safari 1999, ilikuwa na mgahawa wa hambaga wa Johnny Rockets, ambao baadaye uliwekewa ada ya kiti. Ada ya kiti ni malipo ya kichwa: ule kimoja au ule vitatu, umelipa kile kile. Migahawa mingine huuza sahani kwa sahani, na juu ya bei huongezwa ada ya huduma, mara nyingi asilimia 18 au 20. Noti hazionekani. Abiria hutoa kadi ile ile inayomfungulia mlango wa chumba, kadi inapita kwenye mashine, na jumla yake humkabili safari inapokwisha. Siku hizi hata ukumbi mkuu umeguswa: katikati ya orodha ya vyakula vilivyomo kwenye nauli, kipande kizuri cha nyama au kamba koche huwekewa alama ya dola pembeni, na mlaji aliyekaa akidhani yuko nyumbani kwake anatambua kwamba mstari ule mmoja ni wa duka.

Hoja yangu ni kwamba jiko la chomboni haliwezi kuhukumiwa kwa kanuni za jiko la nchi kavu, kwa sababu halina jirani. Mtu akiwa Ngamiani, mjini Tanga, asipoipenda bei ya barabara ya 8 atavuka mpaka ya 9, na akiikosa huko atamtafuta mama lishe mwenye wali wa nazi na mchuzi wa samaki chini ya mwembe. Bei ya kila mpishi inashikwa na mpishi wa pili. Huo ndio ulinzi wa mlaji, na ni mkubwa kuliko sheria yoyote. Baharini ulinzi huo haupo. Mwenye meli ndiye anayeuza mlo, ndiye anayeweka bei, na ndiye mwenye ngazi ya kushukia. Kwa hiyo neno "hiari", ambalo wauzaji wa safari hizi hulipenda sana, lina uzito mdogo kuliko linavyosikika. Hiari ya kweli ina mlango wa kutokea.

Watu wa bahari walilijua jambo hili zamani. Uingereza ilitunga sheria ya vyombo vya abiria 1803, wakati wahamiaji maskini walipokuwa wakivuka kwenda Amerika na magunia yao ya viazi na unga. Upepo ukikataa, safari ya wiki sita ikawa ya kumi, gunia lilikuwa tupu na nchi kavu haijaonekana. Sheria ya 1842 ikamlazimisha mwenye chombo kumgawia kila abiria chakula cha wiki na maji zaidi ya lita 3 kwa siku, awe amebeba chake au hakubeba. Katika zama zetu Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, unaagiza kwamba baharia alishwe bila malipo muda wote awapo kazini chomboni. Kenya iliuridhia 2014, Tanzania 2019. Atasema mtu kwamba baharia ni mwajiriwa na abiria ni mteja, nami nakubali. Lakini mkonge wa Tanga ulikatwa na waajiriwa pia, na hakuna mkataba wa dunia uliosema mkata mkonge alishwe na mwajiri wake bila malipo. Kinachomtofautisha baharia ni kwamba jioni hawezi kwenda kwake kupika. Sababu hiyo haiulizi kama mtu anapokea mshahara au amelipa nauli. Inauliza tu kama anaweza kushuka.

Wala mgahawa wa malipo ya ziada si uzushi wa juzi. Meli ya Kijerumani iitwayo Amerika ilianza safari 1905 ikiwa na mgahawa uliobeba jina la Ritz, ambao abiria wa daraja la kwanza waliingia kwa malipo ya pembeni. Titanic, 1912, nayo ilikuwa na mgahawa wa namna hiyo, ukiendeshwa na Mwitaliano Luigi Gatti. Hapa kuna jambo ambalo kampuni za leo zingefaa kulisoma tena: aliyeamua kula kwa Gatti safari nzima alipunguziwa nauli. Kampuni ilikiri kwamba mlo wa ukumbi mkuu ulikuwa umekwisha kulipiwa, na asiyeula alirudishiwa chake. Leo hesabu hiyo imefutwa. Anayekwenda kula hambaga ya kulipia analipa mara mbili, mara moja kwa sahani aliyoiacha ukumbini, mara ya pili kwa sahani aliyoila. (Watumishi wa Gatti walikuwa zaidi ya 60, na mwajiri wao alikuwa yeye, si kampuni ya meli. Walionusurika usiku meli ilipozama ni 3. Meza inayohesabiwa kuwa ya mtu mwingine, watu wake nao huhesabiwa hivyo.)

Pingamizi kubwa ninalolisikia ni la nauli. Wanasema: migahawa hii ndiyo inayofanya nauli iwe nafuu. Tajiri akinunua hambaga na divai, familia yenye kipato kidogo inapata kitanda kwa bei ndogo na bafe ya bure juu yake. Kwa hiyo mwenye nacho anamsaidia asiye nacho. Si hoja ya kupuuzwa. Katika kampuni kubwa za meli za kitalii takriban theluthi ya mapato hutokana na matumizi ya ndani ya meli, yaani vinywaji, kamari, matembezi, maduka na chakula, na bila fedha hizo nauli ingepanda. Ila hoja hii ina sharti ambalo watetezi wake hawalitaji. Inasimama iwapo meza ya nauli inabaki vile vile ilivyokuwa. Na mwenye meli anayepata faida kwenye meza ya kulipia ana sababu kila siku ya kuidhoofisha ile ya bure: afunge bafe mapema kidogo, aondoe chakula cha usiku, akipeleke kile kizuri upande wenye bei. Hahitaji kuwa mtu mbaya. Ni hesabu tu, na hesabu hiyo haina wa kuizuia maana hakuna jiko la jirani. Alama ya dola kwenye orodha ya ukumbi mkuu ndiyo dalili yake. Siku nyama ilipoandikwa bei, maana ya nauli ilibadilika bila abiria kuambiwa.

Pingamizi la pili linatoka kwetu wenyewe, na hili ndilo ninaloliheshimu zaidi. Wa pwani atasema: tangu lini chombo kikamlisha abiria? Meli za Karanja na Kampala, zilizofanya safari za Bombay, Mombasa, Dar es Salaam mpaka Durban baada ya Vita vya Pili vya Dunia, zilibeba abiria wa sitaha wasio na kitanda, na watu hao walipanda na akiba zao. Anayevuka kwenda Pemba kwa mashua hubeba kikapu: mihogo ya kuchemsha, mkate wa kumimina, tende, chupa ya chai. Hakuna aliyeona ni dhuluma. Basi kwa nini leo mtalii mwenye dola zake aonewe huruma kwa kuuziwa piza?

Jibu limo ndani ya kikapu hicho hicho. Kikapu ndicho jirani wa jiko la chomboni. Mwenye mihogo yake miguuni anaweza kuitazama bei ya mpishi wa chombo na kuikataa, na mpishi anajua hivyo. Jirani wa pili ni sinia. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri na bumu la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Najdi msimu wa 1938 na 1939, akafika nalo Zanzibar na Rufiji, aliwaona mabaharia wakila pamoja, mkono kwa mkono, kwenye sinia moja la wali. Na katika vyombo vya pwani yetu neno "karibu" likishatamkwa mbele ya sinia si la adabu tu, ni ruhusa ya kunawa. Jirani wa tatu alionekana Ziwa Tanganyika. Meli ya Liemba, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, 1913 na kuunganishwa Kigoma, kwa miaka mingi ilikuwa ikiuza wali, ugali na samaki kwa abiria wake kwa malipo ya papo hapo, bila kuvitia kwenye nauli. Lakini vijiji vingi vya njiani havikuwa na gati. Meli ilisimama majini, na kabla haijatulia mitumbwi ilikuwa imekwisha kuuzingira ubavu wake: mwanamke kasimama ameshika nanasi juu ya kichwa, kijana akirusha kamba, dagaa wakipandishwa, shilingi zikishushwa ndani ya kopo. Mpishi wa Liemba aliuza mbele ya soko lililoelea. Mgahawa wa ziada wa namna hiyo haudhuru mtu, nami ningeutetea popote.

Sasa tazama meli ya kitalii. Kampuni nyingi haziruhusu abiria kupanda na chakula alichopika nyumbani. Kinachopita langoni ni vitu vikavu vilivyofungwa kiwandani. Mitumbwi haikaribii. Sinia halipo. Majirani wote watatu wameondolewa, kisha anayesafiri anaambiwa kwamba kununua ni hiari yake. Ndiyo maana sikubali kuulinganisha mgahawa ule na kikapu cha Mpemba. Mwenye chombo akitaka uhuru wa kuuza kama Liemba, aache mlango wazi kama Liemba. Akiufunga mlango kwa sababu za usalama na afya, na sababu hizo naziona ni za kweli, basi amejitwika deni la kulisha watu waliomo ndani kwa ukamilifu, na cha kulipia kiwe nyongeza juu ya mlo kamili, kisiwe kipande kilichokatwa kutoka kwenye mlo huo.

Kuna wanaosema pia kwamba mlo wa bure wa melini unamnyima riziki mchoma mishikaki wa Forodhani, Unguja, kwa kuwa mgeni hurudi melini saa ya chakula cha jioni. Kwa hiyo afadhali meza ya nauli ipungue. Siamini. Mgeni aliyekamuliwa mara mbili kwa wiki nzima atashuka Unguja akiwa ameshika mfuko wake. Anayetafuta urojo na mkate wa maji hautafuti kwa njaa, bali kwa hamu, na hamu haipunguzwi na bafe.

Watu wa Moa hawatakula hambaga ya Norwegian Dawn, na mjadala huu ungeweza kuachiwa wenye dola. Lakini meli za abiria kati ya Tanga na Pemba nazo sasa zina kantini ya soda, maji, biskuti na chipsi, safari ni ya saa kadhaa, mkondo wa Pemba una mawimbi yake, na kina mama hupanda na watoto wenye kiu. Kwa sasa kikapu kinaruhusiwa, na kantini inauza ikimtazama jirani wake. Siku itakapotolewa amri, kwa ajili ya usafi wa viti, kwamba abiria asipande na chakula cha nyumbani, wakati wa kudai utakuwa huo huo, kabla amri haijazoeleka: maji ya kunywa yawemo kwenye nauli, na bei ya kila kinachouzwa iandikwe nyuma ya tiketi, mtu aisome akiwa bado amesimama gatini, mahali ambapo muuza mihogo yuko hatua kumi kutoka kwake.