Kabla ya vumbi la Kongo, pima sukari na presha

Muuza duka la dawa yeyote anamfahamu mteja huyu. Anaingia jioni, anasimama pembeni na kujifanya anatazama dawa za kikohozi. Akina mama waliomtangulia wakishatoka, anasogea dirishani na kusema kwa sauti ya chini: "Nipe ile ya wanaume." Hapimwi kitu, haulizwi kitu. Analipa, anatia kidonge mfukoni na kuondoka. Asiyethubutu kufika dukani huenda kwa muuza vumbi la Kongo pale stendi, au hujipa moyo kwa supu ya pweza na karanga mbichi.

Mtu huyo huenda amebeba dalili ya kisukari au ya ugonjwa wa moyo, na ameondoka nayo bila mtu kumwambia. Ndiyo maana wiki hii tunalisema wazi jambo ambalo wengi hulisema kwa kuzunguka. Mwanamume ambaye uume wake hausimami vizuri kwa wiki kadhaa mfululizo apimwe kwanza sukari na shinikizo la damu, kisha ndipo apewe dawa. Tiba zipo, ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, na nyingi zinasaidia. Lakini tiba inayoficha ugonjwa mkubwa inaweza kumgharimu mtu maisha yake.

Jina moja, matatizo tofauti

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Mtaani "upungufu wa nguvu za kiume" ni kapu linalobeba kila kitu: kukosa hamu ya tendo la ndoa, kumaliza mapema, kutopata mtoto, na uume kushindwa kusimama au kulegea kabla tendo halijakwisha. Hayo ni matatizo tofauti na kila moja lina tiba yake. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu kamili asiwe na mbegu za kutosha, na mwingine akawa na mbegu nzuri lakini uume hausimami. Anayekwenda kliniki aeleze ni lipi hasa linalomsumbua, vinginevyo anaweza kutibiwa tatizo ambalo hana.

Hapa tunazungumzia uume kushindwa kusimama, au kusimama bila uimara wa kutosha, hali inayojirudia kwa muda mrefu. Kushindwa siku moja kwa sababu ya uchovu, pombe au msiba si ugonjwa.

Kwa nini sukari na presha?

Uume husimama kwa sababu damu inaingia kwa wingi na kubaki humo. Ubongo hutuma taarifa kupitia mishipa ya fahamu, mishipa ya damu inatanuka, na nyama laini za ndani zinajaa damu. Kisukari kisichodhibitiwa huharibu mishipa ya aina zote mbili. Presha ya juu, sigara na lehemu nyingi hukakamaza na kuziba mishipa ya damu.

Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ni myembamba kuliko ile inayolisha moyo. Mabomba yanapoanza kuziba, lililo jembamba ndilo linaloonyesha shida kwanza. Kwa sababu hiyo, kwa wanaume wengi tatizo hili hutokea miaka kadhaa kabla ya maumivu ya kifua au shambulio la moyo. Anayepewa kidonge na kurudi nyumbani akiwa ameridhika amepoteza nafasi ya kuwahi.

Daktari atataka kujua mengine pia. Je, uume husimama asubuhi unapoamka? Kama husimama asubuhi lakini unashindwa ukiwa na mwenzako, huenda chanzo kikubwa ni hofu, msongo wa mawazo au ugomvi wa ndani ya nyumba. Kama hausimami wakati wowote, na hali imekuja taratibu, uchunguzi wa mishipa, sukari na homoni unakuwa wa lazima zaidi. Kwa wengi sababu zinachanganyika: mwili umeanza kushindwa, na woga wa kushindwa tena unamalizia.

Tiba inaanzia wapi

Hatua ya kwanza haiuzwi dukani. Mwaka 2004 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya wanaume 110 wanene waliokuwa na tatizo hili. Nusu yao walisimamiwa kwa karibu kupunguza uzito na kufanya mazoezi, nusu nyingine walipewa maelezo ya jumla tu. Baada ya miaka miwili, takribani mmoja kati ya watatu wa kundi la kwanza alikuwa amerudi katika hali ya kawaida, bila kidonge. Kuacha sigara, kupunguza pombe, kutembea kwa kasi karibu kila siku na kupunguza kitambi ni tiba yenye ushahidi.

Hatua ya pili ni kukagua dawa unazotumia. Baadhi ya dawa za presha, hasa zile za kuongeza mkojo na baadhi ya zile za kupunguza mapigo ya moyo, pamoja na baadhi ya dawa za sonona, zinaweza kuchangia. Hapa wanaume wengi hufanya kosa la hatari: wanaacha dawa za presha kimyakimya. Matokeo yake yanaweza kuwa kiharusi. Mwambie daktari, mara nyingi ipo dawa nyingine ya kubadilisha.

Hatua ya tatu ni mazungumzo. Ushauri nasaha, hasa mume na mke wakienda pamoja, husaidia sana pale hofu au ugomvi unapohusika. Mke asiyejua kinachoendelea hudhani ana mwenzake nje au hapendwi tena, na mume anayekwepa kulala mapema ili asiulizwe humthibitishia dhana hiyo. Ndoa nyingi huumizwa na ukimya huo kuliko ugonjwa wenyewe.

Vidonge: vinafanya nini, nani asivitumie

Kidonge cha kwanza cha aina hii, sildenafili, kiliidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa jina la Viagra. Awali kilikuwa kikijaribiwa kwa maumivu ya kifua yanayotokana na moyo. Siku hizi sildenafili hupatikana kwa majina mengi na kwa bei nafuu zaidi. Ndugu yake, tadalafili, hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na nguvu yake inaweza kufika saa 36.

Vidonge hivi husaidia damu iingie na kubaki kwenye uume pale mwanamume anapokuwa na hamu. Haviletei mtu hamu, haviongezi mbegu wala havikuzi uume. Sildenafili humezwa takribani saa moja kabla ya tendo, na chakula chenye mafuta mengi huichelewesha. Wengi wanaosema "dawa imekataa" walimeza baada ya kushiba chipsi kuku, au walijaribu mara moja tu. Kichwa kuuma, uso kupata joto na pua kuziba ni maudhi ya kawaida.

Yupo mtu ambaye vidonge hivi vinaweza kumuua: anayetumia dawa za nitrati kwa ajili ya moyo, zikiwamo zile za kuweka chini ya ulimi. Vikichanganyika, presha hushuka ghafla. Aliyepata shambulio la moyo au kiharusi karibuni asubiri ruhusa ya daktari. Anayetumia dawa za tezi dume au baadhi ya dawa za kufubaza VVU aseme, kwa kuwa kipimo chake huenda kikahitaji kupunguzwa. Muuza dawa asiyeuliza maswali haya kabla ya kuuza anacheza na maisha ya mteja wake.

Vidonge vikishindwa

Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wenye kisukari cha muda mrefu au waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume, vidonge havitoshi. Huo si mwisho wa njia. Kuna kifaa cha kuvuta hewa: uume huingizwa kwenye bomba la plastiki, hewa ikivutwa damu huingia, kisha mpira huvishwa kwenye shina kuizuia isitoke. Mpira huo usikae zaidi ya dakika 30. Kuna pia sindano nyembamba ambayo mgonjwa hufundishwa kujichoma ubavuni mwa uume. Inatisha kuisikia, lakini hufanya kazi hata kwa wengi ambao vidonge vimewashinda.

Mwisho kabisa ni upasuaji wa kuweka vipandikizi ndani ya uume. Huduma hiyo sasa inapatikana nchini; Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, iliianza mwaka 2023. Ni uamuzi wa kudumu, kwani baada yake uume hauwezi tena kusimama kwa njia ya asili kipandikizi kikiondolewa. Hufanywa pale njia nyingine zimeshindwa.

Vipi kuhusu homoni? Testosteroni humfaa yule tu ambaye vipimo vya damu vimeonyesha anayo kidogo. Kijana anayejichoma homoni ili awe "dume" ajue kuwa sindano hizo hupunguza utengenezaji wa mbegu. Anayetafuta mtoto anaweza kujifungia mlango mwenyewe.

Kilichomo ndani ya unga

Wauzaji wa unga na mizizi hutuambia: "Hii ni ya asili, haina madhara." Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imeonya mara nyingi kuhusu bidhaa zinazouzwa kama za asili ambazo, zilipopimwa, zilikutwa na sildenafili isiyoandikwa kwenye pakiti. Mwenye moyo dhaifu anayeogopa kidonge cha hospitali anaweza kuwa anakila ndani ya unga bila kujua ni kiasi gani.

Kilichotokea Singapore mwaka 2008 ni kibaya zaidi. Katika miezi mitano, watu 150 wasio na kisukari walilazwa kwa sukari kushuka kupita kiasi. Dawa haramu za kuongeza nguvu za kiume zilikutwa zimechanganywa na glibenklamaidi, dawa ileile wanayopewa wagonjwa wa kisukari. Wanne walifariki. Hatusemi kila mti shamba ni sumu. Tunasema mnunuzi hana njia ya kujua alichouziwa.

Neno kwa wazazi

Mzazi anaweza kudhani habari hii haimhusu. Inamhusu kwa mambo mawili.

La kwanza ni kwa mwenye mtoto wa kiume mwenye selimundu. Ugonjwa huu unaweza kufanya uume usimame kwa saa nyingi, kwa maumivu, bila hamu yoyote, kwa sababu damu imekwama ndani. Mtoto huona aibu na kunyamaza. Mzazi akiona naye hudhani ni mambo ya ujana. Ni dharura. Ikifika saa nne damu iliyokwama huanza kuharibu nyama za ndani, na kijana anaweza kupoteza uwezo wake kabla hajaoa. Mwambie mwanao mapema, kwa lugha ya kawaida: "Ukiona hivi, uniambie hata kama ni usiku wa manane." Na asipakwe dawa wala kukandwa kwa barafu nyumbani mpaka asubuhi; apelekwe hospitali. Kanuni hiyo ya saa nne inamhusu pia mtu mzima aliyemeza kidonge au kujichoma sindano.

La pili ni vijana wazima wanaomeza vidonge hivi ili kujionyesha, mara nyingi pamoja na pombe. Mwili wao hauvihitaji, lakini akili huzoea kuamini kuwa bila kidonge hawawezi. Ukikuta pakiti kwenye suruali ya mwanao, usianze na kelele. Muulize anaogopa nini.

Tunachotaka kibadilike

Kliniki za kisukari na presha zimejaa wanaume wenye tatizo hili, lakini ni wachache wanaoulizwa. Mgonjwa anaona aibu kumweleza muuguzi aliye na umri wa binti yake. Muuguzi naye anaona aibu kumuuliza mzee. Swali moja lingetosha: "Mzee, na mambo ya chumbani yanaendaje?" Liwekwe kwenye maswali ya kila mahudhurio, kama tunavyouliza kuhusu miguu na macho, na liulizwe faragha.

Maduka ya dawa nayo yanaweza kuwa kituo cha kwanza cha msaada. Mashine ya presha iwe juu ya meza. Anayeomba "ile ya wanaume" aombwe kwanza mkono wake, na akionekana na presha ya 140 kwa 90 au zaidi, aelekezwe kituo cha afya.

Nawe baba unayesoma ukurasa huu huku umeukunja ili jirani kwenye daladala asione kichwa cha habari: anzia kituo cha afya kilicho karibu. Omba kupimwa sukari kabla hujanywa chai, na presha. Taja dawa zote unazotumia, hata za kienyeji. Kisha sema tatizo lako kwa sentensi moja. Daktari ameshalisikia mara nyingi, na ukishalisema, kazi ya kutafuta tiba inakuwa ya watu wawili.