Shahada si Mlango wa Kutokea

Kila kazi ina kusudi lake, na kusudi la mtu katika kazi halisimami mahali pamoja. Hukua pamoja naye, au hudumaa pamoja naye. Nataka kusema nawe, msomaji, juu ya kusudi la mwalimu, kwa sababu wewe ndiwe ukaaye mbele yake kila siku, na faida au hasara ya kusudi hilo hukufikia wewe kabla ya kumfikia mtu mwingine.

Imeenea fikira kwamba mwalimu arudiye chuo kikuu kutafuta shahada ya pili hufanya hivyo ili aagane na chaki. Jirani humpongeza kwa kumwuliza atahamia ofisi gani. Ndugu humwambia kwamba akili kama yake haifai kupotea mbele ya watoto. Fikira hiyo naipinga kwa nguvu zangu zote. Ikiwa elimu zaidi humwondolea mtu haki ya kukaa darasani, basi darasa limeachiwa wasiopenda kujielimisha, nawe umehukumiwa kufundishwa na masazo. Je, ungeikubali hospitali ambayo daktari akiisha kuwa bingwa hukatazwa kumgusa mgonjwa?

Tazama jinsi kusudi linavyokua. Mwalimu kijana, aliyetoka chuoni juzi, hutaka kwanza asiaibike: darasa linyamaze, ubao ujae, silabasi iishe kabla ya mwaka kwisha. Akipata miaka michache, hutaka wanafunzi wake wafaulu mtihani na jina lake litajwe kwa sifa. Makusudi hayo si maovu, lakini yote mawili yanamtazama mwalimu mwenyewe. La tatu ndilo lenye thamani kuliko yote: kutaka kujua kwa nini mtoto huyu hakuelewa. Hilo halizaliwi na uzoefu peke yake, wala na vitabu peke yake.

Chukua mfano mdogo wa hesabu. Mwanafunzi aambiwa ajumlishe nusu na thuluthi, naye aandika 2/5. Mwalimu wa kusudi la kwanza hutia alama ya kosa akaendelea na safari yake. Wa kusudi la pili humkaririsha kanuni mpaka aishike kwa ulimi. Wa kusudi la tatu amekwisha kuliona kosa hilo katika madaftari mengi, mwaka baada ya mwaka. Hayo ndiyo mavuno ya uzoefu. Masomo ya juu nayo yamemfunza kwamba kosa lirudialo kwa namna moja aghalabu si uvivu, bali ni matokeo ya fikira fulani. Mtoto amejumlisha namba za juu, akajumlisha na za chini, kama alivyozoea kufanya kwa namba nzima. Basi mwalimu huyo huchukua chapati, akaikata vipande viwili sawa, akamwuliza: "Kwa njia yako, nusu na nusu ni ngapi?" Mtoto hupata 2/4, yaani nusu ile ile aliyoanza nayo, hutazama chapati nzima iliyo mbele yake, akacheka. Ameelewa pasipo kupigwa wala kudharauliwa.

Wako na wengine wasemao kwamba masomo hayo ni anasa, na kwamba miaka mingi darasani yatosha. Hao nao wamekosea. Avukaye mto kila siku kwa kivuko kimoja hajui kina chake penginepo. Uzoefu usiohojiwa huwa mazoea, na mazoea humfanya mwalimu kuwa kipofu wa makosa yake. Lakini shahada isiyorudi darasani nayo haina sifa. Wahenga walisema: elimu bila amali kama nta bila asali.

Waliolijua jambo hili wako. John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani, alifundisha shule ya sekondari kwa miaka miwili mjini Oil City kabla ya kupata shahada ya udaktari mwaka 1884. Elimu hiyo haikumsahaulisha watoto. Mwaka 1896 alianzisha shule katika Chuo Kikuu cha Chicago, ili fikira za wasomi zijaribiwe mahali watoto wanapojifunza. Hapa kwetu, Carey Francis, aliyekuwa mhadhiri wa hesabu Cambridge, aliacha cheo hicho akaja Maseno mwaka 1928. Aliiongoza Shule ya Alliance tangu 1940 hata 1962. Alipostaafu hakutafuta kiti cha kupumzikia, bali alikwenda kufundisha katika shule ya Pumwani, Nairobi, mpaka kifo chake mwaka 1966. Waweza kubishana na mengi ya zama za ukoloni alizozitumikia, lakini huwezi kusema kwamba aliliona darasa kuwa chini ya heshima yake.

Katika Kenya walimu wengi husoma shahada zao wakati wa likizo, mwezi wa Aprili, wa Agosti na wa Desemba, wewe ukiwa nyumbani. Hutoa karo na mapumziko yao pamoja. Simlaumu mwenye watoto wa kulisha akitaka mshahara mwema. Nawalaumu wanaopanga kazi kwa namna ambayo heshima na malipo ya mwalimu hodari hupatikana kwa kuyapa mgongo madawati. Mwenye kujua zaidi na alipwe zaidi akiwa bado na chaki mkononi. Na tasnifu yake isilale rafuni, bali isomwe na walimu wenzake na kujaribiwa katika masomo ya kesho yake.

Nawe, msomaji, una sehemu yako. Pengine utakuwa mwalimu. Ukiwa, usihesabu maendeleo yako kwa umbali uliokwenda kutoka darasani, bali kwa idadi ya watoto unaoweza kuwafahamu leo ambao jana ulidhani hawafundishiki. Na mwalimu wako akirudi kutoka chuo kikuu, usimwulize sasa anakwenda wapi. Mwulize ametuletea nini.