Ligi ya Vyuo vya Meru: Msituletee Majina, Leteni Timu

Kila likitajwa wazo la ligi ya michezo ya vyuo katika ukanda huu wa Arusha na Meru, hakosekani mheshimiwa wa kuuliza, "Na Mlimani watakuja?" Akishajibiwa anaongeza UDOM ya Dodoma, kisha SUA ya Morogoro, kisha anamalizia na chuo kimoja cha Nairobi, na kabla chai haijapoa ligi imeshageuka orodha ya vyuo ambavyo havitakanyaga Njiro hata siku moja. Huyo mheshimiwa ndiye adui wa ligi. Namsema leo hadharani, na akinuna anune.

Chuo kinachostahili kuingizwa ni kile ambacho timu yake inaweza kupanda gari baada ya vipindi vya mchana, ikacheza saa kumi jioni, na ikarudi kula chakula cha usiku bwenini kwake. Basi. Ukubwa wa jina, umri wa chuo, idadi ya maprofesa, nani alikuwa mgeni rasmi kwenye mahafali: hayo ni ya kuandika kwenye kalenda ya ukutani.

Tupige hesabu ya barabara. Kutoka Arusha hadi Dar es Salaam, waliko Mlimani, ni zaidi ya kilomita 600. Dodoma ni zaidi ya 400. Timu ya mpira ni wachezaji 18, kocha, msaidizi wake, mtu wa huduma ya kwanza na yule meneja ambaye hakosi safari. Wote hao walale, wale, dereva alipwe posho, na Jumatatu mhadhiri aambiwe kwa nini nusu ya darasa haikufanya jaribio. Mechi moja ya ugenini ya namna hiyo inatafuna fungu la michezo la muhula mzima. Halafu tunashangaa kwa nini vyuo vyetu hukutana kwenye bonanza la mara moja kwa mwaka: wiki mbili za mazoezi, siku chache za mashindano, kombe, picha, kimya hadi mwakani.

Wamarekani wana fedha kuliko sisi sote, na ugonjwa huu wa majina umewatoa jasho. Muungano wa vyuo vya pwani yao ya magharibi, unaojulikana kama Pac-12, ulianzia mwaka 1915. Juni 2022 vyuo viwili vya Los Angeles, USC na UCLA, vilitangaza kuhamia Big Ten, muungano wa vyuo vya katikati ya nchi, kufuata fedha za televisheni. Mwaka uliofuata wengine wakatimka hadi wakabaki wawili tu, Oregon State na Washington State, wakitazamana. Stanford na California, vyuo vilivyo upande wa bahari ya Pasifiki, vikaishia kwenye muungano wenye jina la pwani ya Atlantiki. Leo binti wa UCLA anayecheza voliboli anaweza kuvuka bara zima kwenda kucheza na Rutgers, New Jersey, na kurudi. Uamuzi ulifanywa kwa ajili ya mpira wa miguu wa Kimarekani na kamera zake. Mwogeleaji, mkimbiaji na mcheza voliboli walibebwa tu kama mizigo.

Na msidhani hayo hayatuhusu. Suleiman Nyambui, aliyetuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980, alikuwa mwanafunzi wa chuo cha El Paso, Texas, kile wanachokiita UTEP. Gidamis Shahanga wa Katesh, bingwa wa marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, enzi Katesh ikiwa bado mkoa wa Arusha, naye alikimbilia chuo hichohicho. Wakimbiaji wetu walipata huko kitu ambacho hapa hakikuwepo: mashindano ya vyuo yanayorudi tena na tena, msimu hadi msimu, mpaka mwili unazoea kushindana. Ndicho ninachokidai hapa. UTEP yenyewe ilishahama muungano mwaka 2005, na mwaka 2024 ikatangaza kuhama tena. Lakini Nyambui hakutengenezwa na jina la muungano. Alitengenezwa na ratiba.

Sasa turudi nyumbani, kwenye ukuta tulioujenga wenyewe. Michezo ya vyuo vikuu ina chama chake, TUSA. Taasisi na vyuo vingine vya elimu ya juu vina SHIMIVUTA yao. Kwenye makaratasi inapendeza. Njoo uione Arusha. Chuo cha Uhasibu pale Njiro, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1990, kinatoa shahada ya kwanza na ya uzamili, lakini si chuo kikuu. Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru, ya tangu 1963, nayo inatoa shahada, lakini si chuo kikuu. Ukipanda kifodi Tengeru, kabla hujamaliza kubishana na konda juu ya chenji umeshafika Makumira, ambako ni chuo kikuu. Vijana hao wananunua nyanya gulio moja na wanashabikia Simba na Yanga kwenye kibanda umiza kimoja, ila kwenye michezo kila mmoja ana mlango wake kwa sababu mdhibiti wa huyu ni TCU na wa yule ni NACTVET. Tangu lini mdhibiti wa mitaala akafunga goli?

Kwa hiyo ligi ya Meru isiulize mdhibiti. Ianze na vyuo sita, na majina nayataja: Uhasibu, Arusha Technical, Maendeleo ya Jamii Tengeru, Makumira, Chuo Kikuu cha Arusha pale Usa River, na Chuo cha Misitu Olmotonyi.

Najua Olmotonyi ndiyo itakayochekwa. "Chuo cha miti?" Ndiyo, cha miti. Kilianza mwaka 1937, wakati chuo cha Dar es Salaam kilifungua milango mwaka 1961. Wanafunzi wake wanasoma kwenye mteremko wa mlima, mafunzo yao ni kupanda na kushuka msituni wamebeba vifaa. Mwenye kutafuta timu ya mbio za nyika ameshaipata, na anachotakiwa ni kuacha kuitazama kwa dharau kutoka mjini.

Technical na Uhasibu hawana mjadala, ni majirani ndani ya jiji na watani wao watajaza uwanja bila tangazo la redio.

Penye kazi ni Usa River, na hapa ndipo wengi watakapotaka kukwepa. Chuo Kikuu cha Arusha ni cha Waadventista Wasabato. Kuanzia jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi, hakuna mpira, hakuna netiboli, hakuna mazungumzo. Mpangaji ratiba mvivu atasema, "Basi tuwaache, watatusumbua." Nasema mvivu kwa sababu dawa ipo mbele ya macho yake. Ijumaa mchana kuna swala, na jioni jua letu linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, kwa hiyo mechi ya saa kumi inamalizika Msabato akiwa anatazama saa kuliko mpira. Jumamosi imekwisha kujibu yenyewe. Jumapili Makumira, chuo cha KKKT, wako ibadani, na wakitoka wana haki ya kupumzika. Jumatano ni siku ya gulio Tengeru, na aliyewahi kukwama pale kati ya malori ya ndizi na bodaboda zinazopenya ubavuni anajua hakuna refa atakayefika kwa wakati. Jumatatu hakuna mwenye akili anayeitaka. Zinabaki Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni. Hiyo ndiyo ratiba, imepatikana kwenye aya moja, wala haikuhitaji semina ya siku tatu hotelini.

Na wenzetu Wamarekani wameshafanya hivyo. Chuo cha Brigham Young, cha Wamormoni, hakichezi Jumapili kwa lolote. Wenye muungano wa Big 12 walikipokea mwaka 2023 wakijua hivyo, wakapanga ratiba wakilizunguka sharti hilo. Kama muungano wenye mikataba ya mamilioni ya dola na televisheni unaweza kuheshimu siku ya ibada, sisi wenye kipenga kimoja na koni kumi tutashindwaje?

Nelson Mandela nao? Hapo ndipo ugonjwa wa majina unapopanda kichwani. Taasisi ya Nelson Mandela ina jina kubwa kuliko vyuo vyote vya ukanda huu, na mdhamini yeyote angependa kuliona kwenye bango. Lakini iliundwa kwa ajili ya shahada za uzamili na uzamivu. Mwanafunzi wake ni mtu mzima aliyeacha familia Mbeya au Kigali, anahesabu siku za kumaliza utafiti wa floraidi kwenye maji, na ukimwambia aje mazoezini mara nne kwa wiki atakutazama kwa huruma. Waje kwenye mbio, waje kwenye mezani na chesi. Kwenye ligi ya timu, hapana. Najua nitakayoandikiwa kwa kusema hivi.

Moshi nao wasubiri msimu wa pili. Ni kilomita 80 tu, na Chuo Kikuu cha Ushirika kina uwanja wake wa Ushirika ambao vilabu vikubwa vimeuchezea, kwa hiyo wanafaa, tena sana. Chuo Kikuu cha Mwenge vilevile. Chuo cha Mweka, waliozoea kufuata wanyama porini, nao wangetuletea wakimbiaji. Lakini ligi inayoanza na mikoa miwili kabla haijajua kupeleka mipira sita kwenye viwanja sita itakufa njiani, kwenye daraja la Kikafu.

Vyuo sita, nyumbani na ugenini, vinatoa mechi 10 kwa kila timu na mechi 30 kwa jumla. Kijana anayecheza mechi 10 za ushindani kwa msimu, na netiboli hivyohivyo, hakosi kujifunza kitu. Watakaosema kiwango kitakuwa cha chini nawauliza: kiwango kilichopo sasa mmekipimia wapi, kwenye lile bonanza? Arusha inajengewa uwanja wa watu 30,000 kule Olmoti kwa ajili ya AFCON 2027, na wageni wakishaondoka utahitaji vijana wa kuuchezea. Fainali ya vyuo iombewe nafasi hapo, mapema, kwa barua yenye mhuri, kabla matamasha ya muziki hayajamaliza tarehe.

Kuhusu fedha nitasema moja tu. Mdhamini akija na sharti la kuleta chuo kikubwa ili apate picha, ashukuriwe, apewe maji ya kunywa, aoneshwe mlango. Na kampuni ya bia isihangaike kuja, maana baadhi ya hao sita wakisikia jina lake watarudisha jezi.

Kanuni ya kutoka iandikwe siku ileile ya kanuni ya kuingia. Timu isiyotokea mara moja bila taarifa, inapoteza pointi na kulipa gari la wenzao. Mara ya pili, inatoka, na nafasi yake inapewa chuo kilichoomba, hata kama ni cha mifugo Tengeru chenye wanafunzi wachache na nyasi nyingi. Wala isiundwe kamati ya kuchunguza kwa nini basi halikuja. Walimu wa michezo wa vyuo hivi sita wanaweza kukaa meza moja pale Usa River Alhamisi yoyote saa kumi jioni, wakaagiza chai, na kabla ya magharibi wakawa wamegawana tarehe za mechi zote 30. Wakuu wa vyuo waletewe ratiba wasaini tu.