Sauti kwanza, halafu umjue MC

Mwandishi, kwenye makala yako ya kupiga video za harusi umeongea vizuri kuhusu kamera, ila sauti umeipitia juu juu, na kazi nyingi za wanaoanza hapa Dar huharibikia hapo. Picha ikitikisika kidogo mama wa bibi harusi atakusamehe. Asiposikia mwanawe akitamka kiapo mbele ya padri, hilo sahau. Mfunge bwana harusi (bibi harusi atakuwa kando yake) maiki ndogo kwenye kola ya koti na kinasa sauti mfukoni kabla hajatoka nyumbani. Ukumbini omba waya kutoka kwenye mikisa ya DJ, lakini weka na kinasa chako karibu na spika, maana DJ akizidisha sauti ikaanza kukwaruza huna pa kukimbilia.

Ile mistari myeusi kwenye video? Inatokana na taa, maana umeme wetu ni wa hezi 50. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, mingi itapotea.

Na MC, kaa naye mapema. Ratiba ya kamati ya harusi ni karatasi tu (tunajuana). Yeye ndiye anayeamua ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) iingie saa ngapi, na ikiingia wewe unabadilisha betri, hairudishwi mlangoni.