Mpiga picha wa harusi si lazima atoke Mwanza

Katika vikao vya harusi hapa kata ya Kasulo, ajenda ya mpiga picha hufika watu wameshachoka na hesabu za turubai, nyama na muziki. Humalizwa kwa sentensi moja: "Mheshimiwa Mwenyekiti, hapo tusibanebane, tulete mtu kutoka Mwanza." Mwenyekiti anaafiki, katibu anaandika. Na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, sentensi hiyo imeota mizizi, maana hakuna tena kisingizio cha foleni ya kivuko. Mtu anavuka kilomita 3 za ziwa bila kushuka kwenye gari, anapita Geita, Biharamulo na Lusahunga, jioni yupo hapa kwetu Benaco anaulizia gesti.

Sina ugomvi na Mwanza, mafundi wapo. Ninachokataa ni imani kwamba kadiri kamera ilivyo kubwa na mwenye kamera anavyotoka mbali, ndivyo picha zitakavyokuwa nzuri.

Kinachoharibu picha za harusi zetu, mara nyingi, ni mwanga. Turubai la bluu likipigwa na jua la saa tisa humwaga bluu juu ya kila uso, mpaka bibi harusi anaonekana kama aliyeopolewa mtoni. Kanisani shida ni nyingine. Shela ni jeupe pe, uso ni mweusi, na kamera ikiachwa ijiamulie hupima weupe wa shela, ikapunguza mwanga, uso ukazama gizani. Kamera ya mamilioni hufanya kosa hilo sawasawa na ya laki chache. Dawa yake ni mtu anayejua kupima mwanga usoni badala ya kwenye nguo, na anayethubutu kumwambia MC meza ya keki isogezwe hatua mbili hadi ukingoni mwa turubai kabla maharusi hawajalishana. Kijana aliyepiga harusi nyingi chini ya maturubai hayahaya anayajua kwa rangi zake.

Hoja ya pili ya wanakamati huwa kwenye simu. Inazungushwa meza nzima: tazameni kazi zake Instagram! Ni nzuri kweli, na ndiyo maana zikawekwa. Hizo ni picha chache alizochagua mwenyewe kutoka harusi nyingi. Mwombeni awaonyeshe harusi moja tu, yote, tangu bibi harusi anavalishwa hadi zawadi ya mwisho. Mtaona kama wazee wa upande wa mwanamume wamo, au ni wapambe, viatu na pete kurasa nzima. Ndege nyuki nayo msiitolee macho. Hairuki nchini bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na sisi hapa tuko jirani na mpaka wa Rusumo.

Halafu kuna jambo ambalo kata hii ingepaswa kulijua kuliko nyingine yoyote. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya takriban saa 24, na Benaco ikawa kambi iliyojulikana dunia nzima. Wapiga picha mahiri walikuja, akiwamo Sebastião Salgado wa Brazil, na picha zake za Benaco zimeingia vitabuni na kwenye maonyesho ya ughaibuni. Zile ni kazi kubwa, sibishi. Lakini zilipigwa ili dunia ione umati. Harusi inataka kinyume chake: huyu ni nani, yule ni wa nani, na nani asikose kwenye picha hata akiwa amekaa nyuma karibu na jiko. Ustadi wa mgeni hauna jibu la maswali hayo. Shangazi ndiye mwenye jibu, na mpiga picha anayefaa ni yule atakayekaa naye siku mbili kabla amtajie majina.

Lugha pia ina kazi yake. Mzee anaposimama kuwausia maharusi kwa Kihangaza, kuna neno la kuchekesha analolisogelea taratibu. Anayeelewa huinua kamera kabla ya kicheko. Asiyeelewa hushtuliwa na kicheko chenyewe, akaambulia midomo inayofungwa.

Na baada ya miaka kumi, albamu ikiliwa na mchwa, mtaomba nakala kwa nani? Mpiga picha Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, mwanawe Rohit akairithi, na kwa miongo mingi mteja alijua mlango wa kugonga. Picha zenu za Mwanza ziko kwenye diski ya mtu mliyeonana naye Jumamosi moja.

Wa hapa naye si malaika. Yupo anayekuja na kamera ya kuazima, betri moja na kadi moja, na umeme ukikatika naye amekatika. Huyo mwacheni, hata kama ni mtoto wa mjumbe wa kamati. Na kubwa zaidi: acheni tabia ya "huyu ni wetu" inayoishia kumlipa kijana sahani ya pilau na ahadi. Mwandikiane. Apewe kishika uchumba cha kumwezesha kununua kadi ya pili, karatasini ieleweke picha mnato ni ngapi za kusafishwa na albamu inatoka lini, na salio asidai usiku wa sherehe, wakati mweka hazina anasakwa na mwenye turubai, mwenye muziki na wapishi. Alipwe siku albamu inapotua mezani kwa mama wa bibi harusi, naye ameifungua na kumkuta dada yake.